"Get" sio "pata" tu, na kimetoka mbali kuliko tunavyodhani

Ningeambiwa nichague kitenzi kimoja cha Kiingereza nikifundishe mwezi mzima bila kugusa kingine chochote, ningechagua "get". Sio kwamba ni kigumu kutamka au kuandika, herufi tatu tu hizo, ila ndo kitenzi ambacho watu waliofaulu Kiingereza vizuri kabisa shuleni, wenye vyeti vyao safi, wakikaa na Mwingereza au Mmarekani wa kawaida wakapiga stori dakika tano wanaanza kupotea, na ukifuatilia walipotelea wapi mara nyingi unakuta ni palepale, "get" imekaa na kaneno kadogo pembeni, up, over, by, through, basi mtu kaachwa kwenye mataa.

Mi naona tatizo linaanzia tulivyofundishwa. Ubaoni iliandikwa "get = pata", tukanakili, tukafunga daftari, imeisha hiyo. Alafu Kiingereza chenyewe huku kwetu tumekutana nacho zaidi kwenye vitabu, mitihani na barua za kuomba kazi, na huko kote "get" inakwepwa, ukiandika "I got your letter" ticha anakata kwa peni nyekundu anaweka "received", ukiandika "I got the job" anataka "obtained". Kwa hiyo tumetoka shule tuna obtain, receive, arrive, become, understand, maneno mazuri tu na hayana kosa lolote, lakini wenye lugha yao wakiwa jikoni, kwenye gari, kwenye simu, kazi ya maneno hayo yote wanampa mmoja tu, "get".

Kuna dereva mmoja wa utalii Arusha nilikuwa namfundisha jioni, jamaa anajua Kiingereza, anaweza kukuelezea tembo anakula nini na simba anawinda vipi bila kukwama. Akaniambia asubuhi moja yuko na wageni lodge, mzee mmoja Mmarekani amekaa kwenye ngazi akamwambia "I'm just getting my boots on, we'll get going when my wife gets here." Get tatu kwenye sentensi moja. Yeye akasikia viatu, akasikia "get", akaelewa mzee anatafuta viatu vyake havionekani, akaanza kuchungulia chini ya viti vya gari. Sasa nikamwandikia ile sentensi kwa Kiswahili: "Namalizia kuvaa buti, tutaondoka mke wangu akifika." Akaitazama akasema, ticha mbona "kupata" haimo hata mara moja? Ndo hapo sasa. Kuvaa, kuondoka, kufika. "Pata" haimo kabisa.

Kwa hiyo mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu, mkikutana na "get" msikimbilie "pata", anzeni na "kufika". Kitu kilikuwa kwingine kimefika mkononi mwangu, "I got a letter". Mimi nilikuwa kwingine nimefika mahali, "I got home". Mimi nilikuwa katika hali fulani nimefika katika hali nyingine, "I got tired". Ukishaiona hivo, zile maana ambazo kamusi inazipanga kurasa na kurasa zinaanza kukaa pamoja, kwa sababu zote zinaongelea mtu au kitu kutoka hapa kwenda pale, hata buti za yule mzee, zilikuwa chini sasa zimefika mguuni.

Hiyo ya kufika katika hali ndo inayowatesa watu wetu kuliko zote na nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu Kiswahili kimetuharibia hapa kwa uzuri wake. Sisi hatuhitaji kitenzi cha msaada, tuna vitenzi vinavyobeba badiliko zima ndani yake: kuchoka, kulewa, kunenepa, kukonda, kuzeeka, kulowa, kupotea, kukasirika, kuzoea. Kiingereza sehemu kubwa ya hivyo hakina, kinachukua "get" kinaunganisha na neno la sifa, get tired, get drunk, get fat, get thin, get old, get wet, get lost, get angry, get used to. Mswahili anatafuta kitenzi kimoja cha "kulowa" hakipati, anaishia kusema "I am wet" hata pale alipotaka kusema mvua imemkuta njiani.

Alafu kuna suala la nyakati. Chukua kulewa. Sisi tukisema "amelewa" tunaongelea hali aliyonayo sasa hivi, umemwona anayumba. Kwa Kiingereza hiyo ni "he is drunk", get haimo. Tukisema "analewa" maana yake bado anaelekea huko, glasi ya tatu hiyo, sauti imeanza kupanda, hapo ndo "he is getting drunk". Tukisema "alilewa jana" tunaongelea tukio, "he got drunk yesterday". Na "hulewa kila wikiendi" inakuwa "he gets drunk every weekend". Yaani kile ambacho sisi tunakifanya kwa kubadilisha -me-, -na-, -li- na hu- wao wanakifanya kwa kuchagua kati ya "be" na "get", hali iliyotulia ni be, mwendo wa kuiendea ni get. Mwanafunzi akishalielewa hili hawezi tena kusema "I have tired" akimaanisha nimechoka, na hawezi kuchanganya "I am married", nimeoa au nimeolewa ndo hali yangu, na "I got married in 2015", ambayo ni siku yenyewe, suti, keki na foleni ya kula. Naomba walimu wenzangu tulifundishe hili mapema kabisa, kidato cha kwanza, kabla mtoto hajazoea kukisoma "get" kwa jicho moja.

Sasa tuje kilipotoka, na hapa ndo penye utamu.

Hiki kitenzi, kama neno linalosimama peke yake, sio cha Waingereza wa mwanzo. Kimeletwa na Waviking. Mwaka 793 wavamizi kutoka Skandinavia walishambulia nyumba ya watawa kwenye kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na miaka iliyofuata wakawa wanakuja tena na tena, 865 likaja jeshi kubwa kabisa ambalo halikuja kupora na kuondoka, lilikuja kukaa. Mfalme Alfred wa Wessex aliwashinda pale Edington mwaka 878, wakakubaliana mipaka na kiongozi wao Guthrum, lakini sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ikabaki mikononi mwa Wadenmark, yaani haohao Waviking, ndo ile inayoitwa Danelaw. Watu wakalima pamoja, wakaoana, wakauziana ng'ombe. Na watu wakiishi hivo lugha haziwezi kukaa mbalimbali.

Alama zao bado zipo hadi kwenye majina ya miji, ile mikia ya -by unayoiona Grimsby, Whitby, Derby, hiyo "by" kwa lugha yao ni makazi, kijiji. Hata sisi tunaposema dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, tumebeba mkia wa Kiviking bila kujua. Maneno waliyoyaacha ni ya nyumbani kabisa: egg, skin, sky, knife, husband, law, wrong, window, na hiyo window kwao ilikuwa "vindauga", jicho la upepo. Wakaacha hadi they, them na their, na lugha kukopa viwakilishi sio jambo dogo jamani, hayo ni maneno ambayo kila mtu anayo mdomoni kutwa nzima. Kwenye mzigo huohuo ndo alikuja "geta".

"Geta" ya Kinorsi cha kale, lugha ya hao Waviking, ilikuwa na maana ya kupata, kufikia, kuzaa, kukisia ukapatia, na pia kuweza. Hii ya kuweza ipo hai mpaka leo kule Iceland, mtu wa Iceland akisema "ég get" anamaanisha "naweza", wala haongelei kupata kitu. Na Wanorwe wana "gjette", kukisia, ambalo ni la ukoo huohuo, sawa na "guess" ya Kiingereza ambayo wataalamu wa lugha wanaiweka kwenye familia hiyohiyo ya "get". Ukiifikiria inaeleweka, kukisia ni kurusha mkono gizani ukitegemea kupata.

Waingereza wenyewe walikuwa na ndugu wa hilo neno, ila hakusimama peke yake, alikuwa anatembea na viambishi mbele. Walikuwa na "begietan", kupata au kuzaa, ndo "beget" ya kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Abraham begat Isaac, kwetu Ibrahimu alimzaa Isaka. Walikuwa na "ongietan", kuelewa, hii imekufa. Na walikuwa na "forgietan", hiyo "for-" ikiashiria kupoteza au kuachia, kwa hiyo kusahau kwao ni kuachia ulichokuwa umekishika, na hii ndo "forget" ya leo. Miaka mingi nilikuwa naandika "forget" ubaoni pembeni ya "get" bila kufikiria kwamba ni mtu na ndugu yake.

Ukirudi nyuma zaidi, mzizi wa mbali kabisa wa familia hii una maana ya kukamata, kushika, na kwa Walatini ukazaa "prehendere", kushika, ambayo kupitia Kifaransa ikatoa "prison", na kupitia Kilatini chenyewe ikatoa "comprehend". Kushika mtu ukamweka ndani na kushika jambo likaingia kichwani, wote hao na "get" wana babu mmoja.

Na hapa ndo narudi kwa "pata" yetu, kwa sababu sitaki mtu aondoke anadhani nimesema "pata" haifai. Tafsiri ile ya ubaoni ilikosa upana tu, manake "pata" yenyewe ina safari ndefu vilevile. Kisu hakipati, maana yake hakikati. Jua limepatwa, mwezi umepatwa. Kapatwa na homa. Wamepatana, ambayo ndo "they get along" yenyewe kabisa. Nimekupata, mtu anakujibu kwenye simu akimaanisha nimekuelewa, ndo "I get you". Na ile ya "nimekuita ili upate kujua", au "haijapata kutokea", hapo "pata" haishiki kitu chochote, inasaidia kitenzi kingine tu, kama "get to know". Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya jamii ya Kibantu moja ya jamii ya Kijerumani (Germanic), zimechukua neno la kushika kitu kwa mkono zikalipeleka kwenye kuelewa, kuelewana na kuweza. Nikifundisha sehemu hii darasa linachangamka kwelikweli, kwa sababu mtu anagundua alikuwa na ufunguo mfukoni siku zote.

Jambo lingine ambalo watu huwa wananiuliza ni matamshi, kwa nini "get" ina g nzito wakati maneno mengine ya Kiingereza ya ge- yanasomeka kama j, gentle, general, gem. Hayo ya j yamepitia Kifaransa. Kiingereza cha kale chenyewe g ikiwa mbele ya e au i ilikuwa imelainika ikawa y, ndo maana yes, year na yet zote zilikuwa zinaandikwa kwa g zamani zile. Kwa njia hiyo "forget" ilipaswa leo kuwa kitu kama "foryet", na kweli Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, alikuwa anaandika "foryete". Kinorsi hakikulainisha, kikabaki na g yake ngumu, na "get" ya Waviking ilivyozoeleka ikamvuta na ndugu yake "forget" akabadilika. Mvutano huu wa g na y ulichukua muda mrefu. William Caxton, aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza, aliandika mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokuwa wanasafiri kwa chombo kwenye mto Thames kuelekea Zeeland, upepo ukagoma, wakashuka kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mmoja mwenye nyumba "egges". Yule mama akamjibu hajui Kifaransa. Jamaa akakasirika, maana na yeye Kifaransa hakijui, alikuwa anaongea Kiingereza! Mwenzake akaingilia akasema wanataka "eyren", mama akasema aah sasa nimeelewa. Mayai yaleyale, moja neno la Kiviking lenye g, moja la Kiingereza cha kale lililolainika, na watu wa nchi moja hawaelewani miaka mia sita na zaidi tangu Waviking wafike. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akikwama kwenye Kiingereza simshangai hata kidogo.

Mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, kikakaa ikulu, mahakamani na kanisani, na ndo njia iliyotuletea obtain, receive, arrive na wenzao. Toka hapo Kiingereza kina tabaka mbili, la nyumbani na la ofisini, na "get" ikabaki nyumbani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 alilalamika kwenye utangulizi kuhusu vitenzi vya namna hii, akavitaja kwa majina, come, get, give, do, put, go, make, take na vingine, kwamba maana zake zimelegea na zimetapakaa kiasi kwamba ni tabu kuzifuatilia. Mtunga kamusi mzima anasema hivo, basi sisi tujipe muda.

Kuna matumizi moja ambayo nadhani yanatakiwa kufundishwa huku kwetu kwa nguvu, na ni hili la kufanyiwa. Simu imeharibika, umepeleka kwa fundi, imepona. Sisi tunasema "nimetengeneza simu yangu" na kila mtu anajua umepeleka kwa fundi. Ukimwambia Mwingereza "I repaired my phone" yeye anaelewa umekaa na bisibisi wewe mwenyewe ukaifungua, na kwenye intavyuu ya kazi hiyo inaweza kukuletea maswali ambayo hukuyatarajia. Anachotegemea kusikia ni "I got my phone fixed". Umeshonesha gauni kwa fundi cherehani, "I got a dress made". Umeosha gari pale kwa vijana wa kuosha magari, "I got the car washed". Kiswahili kina njia yake, nimeshonesha, nimetengenezesha, ila kwenye maongezi tunaziruka, na Kiingereza hakikuruhusu kuruka kirahisi hivyo. Ukimweka mtu katikati pia inakubali, "I got him to help me", nilimshawishi akanisaidia, kuna kajuhudi kamefanyika hapo, ulimbembeleza.

"Get" ya kutendwa, got fired, got robbed, got promoted, hiyo ni rahisi, sisi tuna -wa yetu, kufukuzwa, kuibiwa, kupandishwa cheo. Ila kwenye ripoti au barua rasmi tumia "was", get hapo inasikika kama umekuja ofisini na kandambili.

Zile za kaneno pembeni nazipitia kwa lile wazo la kufika. Get over, umefika ng'ambo ya huzuni, ameachwa lakini keshapona. Get through, umepenya, ama simu imeingia ama mwaka mgumu umeisha. Get by, unapita pembeni ya shida, maisha ya kubangaiza lakini siku zinaenda. Get away with, umefanya kosa ukatoka salama, hukukamatwa. "I'll get back to you" ni nitakurudia na jibu, na hii ukiisikia kazini usikae tu, uliza lini. Usikariri orodha ya mia moja kwa usiku mmoja, chukua hizi tano uzitumie wiki nzima kwa watu halisi, kwenye meseji, kwenye maongezi, ndo zinakaa.

Wanaoangalia sana filamu za Marekani huniuliza kuhusu "gotten", je ni sahihi au ni uswahilini wao. Ni sahihi, na ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Waingereza walikuwa nayo, wengi wao wakaiacha, Wamarekani wakaendelea nayo, na hata Uingereza kwenyewe imebaki kwenye "forgotten" na "ill-gotten", mali ya dhuluma. Mmarekani ameitumia kutenganisha vitu viwili: "I've got a car", nina gari, na "I've gotten a car", nimepata gari, juzi juzi tu. Hiyo ya kwanza, ukiitazama, ni "nimepata" iliyogeuka "nina", kitu kimeshafika mkononi kwa hiyo ninacho, ni mantiki ileile ya -me- ya nimechoka. Kwenye mtihani wetu andika "got", ukiwa na Mmarekani usimsahihishe.

Na kuna hizi mbili zinazofanana kwa sikio la haraka na maana zinapishana vibaya. "You've got to go", ambayo mtaani inakuwa "you gotta go", ni lazima uende, utake usitake. "You get to go" ni umepata nafasi ya kwenda, umeruhusiwa, una bahati. Bosi akikwambia "you get to go to Zanzibar with the team" anakupa zawadi, usinune.